Uzi: Mwajiri anasema "hizo imeili hatuna". Wewe unafanyaje?

Kaunta ya Nyuma (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa miaka sasa. CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya hapa Tanzania, inayoamua migogoro ya kazi) nimesindikiza watu wengi kuliko niliowasindikiza harusini. Karibu kila mmoja anakuja na bahasha ya kaki yenye karatasi mbili, barua ya ajira na barua ya kuachishwa. Basi. Rosta, imeili za bosi, meseji za grupu la WhatsApp la kazini, rekodi za mashine ya vidole, vyote vimebaki kwa mwajiri. Mtu akiviomba anaambiwa "hatuna" au "mfumo ulibadilishwa", naye anaitikia "sawa" na kukaa kimya. Hiyo "sawa" ndiyo iliyonifanya nifungue huu uzi.

Nianzie Marekani, halafu nirudi nyumbani. Mnivumilie, maana hii kesi kila anayebishana kuhusu nyaraka za kwenye kompyuta ataigusa tu.

Mwaka 1999 Laura Zubulake aliajiriwa na UBS, benki ya Uswisi, kwenye ofisi zake za Marekani, dawati la kuuza hisa za Asia. Mshahara wake ulikuwa kama dola 650,000 kwa mwaka. Mkuu wake alipohamishiwa London, yeye alitegemea atafikiriwa kwa nafasi ile. Akapewa mwanaume mwingine, na huyo bosi mpya, kwa madai yake, alimdharau mbele za watu na kumtenga kwa sababu ya jinsia yake. Agosti 2001 akapeleka malalamiko kwenye tume ya serikali inayoshughulikia ubaguzi kazini. Oktoba mwaka huohuo akaachishwa. Februari 2002 akafungua kesi mahakama ya shirikisho New York, ikaangukia kwa Jaji Shira Scheindlin.

Sasa sikilizeni hapa. Mawakili wake waliomba nyaraka zote za mawasiliano ya wafanyakazi wa benki yaliyomhusu. Benki ikaleta kurasa kama 350, na humo imeili zilikuwa kurasa kama 100. Ikasema ndiyo mwisho. Lakini mama yeye mwenyewe alikuwa ametoa kurasa kama 450 za imeili! Mtu mmoja ana kurasa 450, benki nzima yenye seva na kitengo cha Tehama ina 100? Jaji hakuhitaji kuwa fundi wa kompyuta kuona kuna kitu hakijaletwa.

Benki ikajitetea kwamba zilizobaki, kama zipo, ziko kwenye tepu za bakapu (nakala za akiba), na kuzirudisha ni gharama kubwa, wakataja dola 175,000 bila kuhesabu muda wa mawakili. Mei 2003 jaji akasema tusibishane kwa kukisia, tuonje kwanza. Mlalamikaji achague tepu tano, benki izifungue kwa gharama yake. Zikafunguliwa. Kurudisha zile tano kuligharimu dola 11,524.63, na ukiweka na muda wa kupekua ikafika kama 19,000. Zikatoka imeili kama 600 zinazohusu kesi. Julai jaji akagawa gharama ya kurudisha tepu 72 zilizobaki: benki robo tatu, mama robo moja. Kazi ya kuzisoma na kuzichambua kabla ya kukabidhi, benki ijilipie yenyewe.

Kufika hapo ikabainika kuna tepu zimepotea, na kuna imeili ambazo watu walizifuta baada ya kuambiwa na mawakili wao wasifute. Moja iliyopatikana ilikuwa ya upande wa rasilimali watu, siku chache tu baada ya yale malalamiko ya Agosti, ikishauri mama aondolewe haraka, pamoja na mengine ili asipate bonasi ya mwisho wa mwaka. Mnaona uzito wa kitu kama hicho mbele ya baraza la wazee, yaani wale raia wa kawaida wanaoamua kesi kule kwao.

Oktoba 2003 jaji akatamka jambo ambalo mimi nalishika zaidi ya yote: wajibu wa kutunza ushahidi hausubiri kesi ifunguliwe. Unaanza pale mtu anapojua, au alipaswa kujua, kwamba kesi inakuja. Kwa benki ile akasema wajibu ulianza Aprili 2001 kama si mapema zaidi, miezi minne kabla ya malalamiko, kwa sababu watu wa ndani walishaanza kuandikiana imeili wakiziita za siri za wakili na mteja wakati wakili hayumo kabisa kwenye mazungumzo. Walijisema wenyewe.

Julai 2004 likaja pigo. Jaji aliamua kwamba baraza la wazee litaambiwa linaruhusiwa kuchukulia kwamba zile imeili zilizofutwa zingeiumiza benki. Aprili 2005 baraza likampa Zubulake zaidi ya dola milioni 29, kati yake zaidi ya 20 zikiwa za adhabu tu. Baadaye pande mbili zikamalizana zenyewe.

Hoja yangu ni moja. Yule mama hakushinda kwa kuwa alikuwa na kila kitu. Alikuwa na vya kutosha kuonyesha kwamba mwenzake hajaleta vyote. Mfanyakazi wa kwetu anaweza kufanya hivyo hata kama anadai laki nne.

Karibuni.

Lindo la Usiku

Mkuu umeongea vizuri ila mama wa dola 650,000 na mimi mlinzi wa getini wapi na wapi? Mimi imeili ya kazini sijawahi kupewa. Bosi alinifukuza kwa simu, dakika moja na sekunde zake.

Kaunta ya Nyuma

Wewe ndiye hasa nakuandikia. Ukiingia lindoni huwa unasaini wapi?

Lindo la Usiku

Kitabu cha getini. Na mwaka juzi wakaleta mashine ya kidole. Saa kumi na mbili mpaka kumi na mbili.

Kaunta ya Nyuma

Basi unazo nyaraka, hujui tu kama unazo. Sheria yetu ya ajira ukomo wa kawaida ni saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, zaidi ya hapo ni ovataimu ya mara moja na nusu. Ile mashine haikuandika jina lako tu, imeandika saa na dakika ya kila siku uliyogusa. Mwajiri akisema ulikuwa unafanya saa nane, omba taarifa ya mashine kwa miezi unayodai. Taja miezi. Taja lindo. Usiombe "rekodi zote". Ukiomba zote unampa mtu nafasi ya kusema ni nyingi mno.

Na ile simu ya dakika moja ipo kwenye orodha ya simu zako, tarehe na saa. Usibadilishe simu kabla hujaipiga picha. Mshahara ulikuwa unaingia kwa mtandao wa simu? Meseji zake zinaonyesha nani alikulipa na lini. Nimewahi kumsaidia kijana aliyeambiwa "huyu hatumjui, alikuwa kibarua wa siku mbili". Tukaweka mezani meseji za malipo ya miezi kumi na nne mfululizo, kutoka namba ileile, tarehe zilezile. Mwakilishi wa kampuni aliomba maji ya kunywa.

Joho Jeusi

Mleta mada hongera, ila niweke sawa mambo mawili matatu, mimi ni wakili.

Kwanza, sisi hatuna baraza la kuamua fidia kama lao, na milioni 29 msizitarajie. Kule kwao kwenyewe sheria imesogea. Desemba 2006 kanuni zao za mahakama za shirikisho zilibadilishwa ili kutaja wazi taarifa za kielektroniki. Mwaka 2015 zikabanwa tena: ile adhabu ya kudhani kilichopotea kingekuumiza sasa inahitaji ithibitike ulikusudia kumnyima mwenzako ushahidi. Uzembe peke yake hautoshi tena.

Pili, msidhani Tanzania hatuna kitu. Sheria ya taasisi za kazi ya 2004 inampa msuluhishi au muamuzi wa CMA mamlaka ya kumwita mtu na kumwamuru alete kitabu, waraka au kitu kinachohusu mgogoro. Waraka si karatasi tu. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, taarifa ya kwenye kompyuta haikataliwi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Kinachopimwa ni imetengenezwaje, imetunzwaje, na mtumaji anatambulikaje. Tumetoka mbali jamani. Mwaka 2000, kwenye kesi ya Trust Bank na Le-Marsh, Jaji Nsekela wa Divisheni ya Biashara alipokubali karatasi iliyochapwa na kompyuta ya benki kuwa ushahidi, lilikuwa jambo la kujadiliwa na mawakili mji mzima.

Tatu, hilo la kudhani vibaya asiyeleta ushahidi lipo kwetu kitambo. Hemed Saidi dhidi ya Mohamed Mbilu, iliyochapwa kwenye ripoti za sheria za 1984: ukishindwa bila sababu kumleta shahidi muhimu wa upande wako, mahakama inaruhusiwa kudhani angesema yasiyokufaa. Kesi ile ilihusu shahidi mtu. Kuivuta ifike kwenye imeili ni kazi ya wakili, na mimi nimeifanya.

Halafu kumbuka kwenye kuachishwa kazi mzigo wa kuthibitisha kwamba kuachishwa kulikuwa halali ni wa mwajiri. Asipoleta rekodi anajifungia mlango mwenyewe. Vilevile asipoleta mkataba au maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai unakuwa wake.

Namba za vifungu sijaziweka makusudi. Toleo la 2023 la sheria zetu limezipanga upya, na mtu akija na namba za zamani anapata aibu ya bure.

Dada wa Mafaili

Na mimi nisemee upande wa pili, maana humu afisa rasilimali watu akitajwa ni kama kataja mchawi.

Nafanya kazi hiyo. Mtu anaondoka kwa ugomvi, kesho analeta barua: "nipewe imeili zote zilizonitaja kuanzia 2016." Mnajua ni nini hicho? Ndani yake kuna mishahara ya wenzake, kuna likizo za ugonjwa za watu, kuna binti aliyelalamika kuhusu bosi mwingine kabisa na akaahidiwa usiri. Nikitoa vyote navunja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Nisipotoa naambiwa naficha.

Na si kila "hatuna" ni uongo. Kuna kampuni ziliwahi kuhama mfumo kweli na hakuna aliyejali kubeba vya zamani.

Kaunta ya Nyuma

Dada nakubaliana nawe kwa zaidi ya nusu. Hata Jaji Scheindlin alipima mambo saba kabla ya kugawa gharama, na la kwanza kwa uzito lilikuwa kama ombi limelenga kinachotafutwa. Majina ya wasiohusika yanaweza kufunikwa kwa wino mweusi. Lakini sheria hiyohiyo unayoitaja inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake mwenyewe zinazoshikiliwa na mwingine. Haiwi ngao ya upande mmoja.

Na "tulihama mfumo" naikubali ikija na tarehe, na jina la aliyehamisha, kwa kiapo. Ikija kwa mdomo tu siikubali.

Dada wa Mafaili

Hapo kwenye kiapo umenipata. Wengi wanaosema "hatuna" ukiwaambia waape wanakumbuka kuna kabati moja hawajaliangalia.

Seva Chumbani

Mimi ni wa Tehama, ngoja nitoe kitu ambacho mawakili huwa hawawaambii.

Tepu ni za enzi hizo. Leo ofisi nyingi zinakodi imeili kwa Microsoft au Google, na saa inaanza kuhesabu siku ile akaunti yako inapofutwa. Kwa Microsoft, mtumiaji akifutwa, kasha lake la imeili linaweza kurudishwa ndani ya siku 30. Google wanatoa siku 20. Ujumbe mmoja mmoja uliofutwa mpaka kwenye pipa, Microsoft kwa kawaida wanaushikilia siku 14, msimamizi akitaka anaongeza hadi 30. Baada ya hapo, kama hakuna bakapu nyingine, umekwenda.

Sasa linganisha na siku za CMA. Kuachishwa una siku 30 za kufungua mgogoro. Watu wanapeleka fomu siku ya 29. Siku hiyo Google ilishamaliza kusafisha tangu wiki iliyopita.

Kuna kitufe kwenye mifumo yote miwili (kwenye vifurushi vikubwa) cha kuzuia kufuta. Msimamizi akikiwasha, hata mwenye akaunti afute vipi, nakala inabaki nyuma ya pazia. Ni kazi ya dakika tano. Kwa hiyo anayesema "kutunza ni gharama" mwulize gharama ipi. Kufungua tepu mwaka 2003 kulikuwa gharama kweli. Kuwasha kitufe si gharama. Kuzisoma imeili elfu kumi baadaye, hilo sawa, ni kazi.

Cha mwisho: mkienda kuomba, msitumie lugha ya jumla. Kwenye kesi hiyohiyo ya UBS kulikuwa na mtu wa rasilimali watu aliyesema ana "akaivu" (hifadhi) ya imeili za yule mama. Mawakili wakaelewa ni tepu za bakapu, wakapita. Kumbe alimaanisha folda tu kwenye kompyuta yake, iko pale mezani, hakuna aliyeiomba. Ulizeni kwa lugha ya kitoto: iko wapi, kwenye mashine ya nani, inafunguliwaje.

Mteja wa Milimani

Nawasalimu kutoka Nairobi. Huku kwetu mambo yanafanana na yenu kuliko mnavyodhani. Sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 10, mwajiri asipoleta mkataba au maelezo ya kazi mzigo unamrukia yeye, na anapaswa kuyaweka miaka mitano baada ya ajira kuisha. Kifungu cha 74 kinamtaka aweke rekodi za wafanyakazi.

Pale wengi wanaanguka ni cheti cha kifungu cha 106B cha sheria ya ushahidi. Unachapisha skrinishoti za WhatsApp, unapeleka Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, wakili wa upande wa pili anasimama: cheti kiko wapi? Cheti kinaeleza ni kifaa gani, nani alikuwa anakitumia, na nakala ilitolewaje. Mimi niliachwa mdomo wazi hapo, na nilikuwa nimeshanunua simu mpya na kuuza ile ya zamani niliyopigia skrinishoti. Msiuze simu.

Kaunta ya Nyuma

"Msiuze simu" ingefaa ibandikwe mlangoni CMA.

Kijiwe Nongwa

Kwani shida yote ya nini? Siku ukinusa unafukuzwa unajitumia imeili zote kwenye Gmail yako usiku. Kesi imeisha.

Joho Jeusi

Taratibu ndugu. Imeili uliyoandikiwa wewe, inayohusu ajira yako wewe, ni jambo moja. Kuingia kwenye kasha la bosi kwa neno la siri ulilochungulia ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Utatoka CMA uende kituoni. Na kubeba orodha ya wateja usiku ni kumpa mwajiri sababu halali ambayo hakuwa nayo asubuhi.

Kaunta ya Nyuma

Naungana na wakili, japo si kwa asilimia zote. Barua ya onyo, tathmini ya kazi, rosta yenye jina lako, jibu la bosi kuhusu likizo yako, hivyo tunza tangu siku ya kwanza, kimoja kimoja, si kwa gunia usiku wa mwisho. Kwa vingine usivyo navyo andika orodha tu: tarehe, nani alimwandikia nani, kilihusu nini. Orodha hiyo haivunji sheria ya mtu, na ndiyo itakayomfanya muamuzi atoe amri inayotekelezeka. Amri ya "leta imeili ya meneja wa stoo kwa mhasibu, wiki ya pili ya Machi, kuhusu upungufu wa mifuko 60" hakuna wa kuikwepa.

Binti wa Kariakoo

Samahani jamani, nimesoma yote. Mimi nimeachishwa jana. Laptopu wameichukua, namba yangu imetolewa kwenye grupu la kazini. Meneja aliniandikia humohumo kwenye grupu kwamba mjamzito atachelewesha oda. Nifanye nini leo?

Seva Chumbani

Pole sana. Ukitolewa kwenye grupu, mazungumzo ya zamani yanabaki kwenye simu yako. Usifute hilo grupu. Ingia, hamisha mazungumzo yote yawe faili, sio skrinishoti peke yake. Skrinishoti piga pia, namba ya meneja ionekane. Angalia kama waliwasha meseji za kujifuta.

Joho Jeusi

Ubaguzi kwa sababu ya ujauzito umekatazwa waziwazi na sheria ya ajira, dada. Una kesi. Hesabu siku 30 kuanzia jana.

Kaunta ya Nyuma

Na leo hii andika barua fupi. Nakuwekea, badilisha penye mabano:

*"Yah: Kutunza kumbukumbu zinazohusu ajira yangu. Niliachishwa kazi tarehe [ ]. Ninakusudia kufungua mgogoro CMA. Naomba msifute wala kubadilisha: akaunti yangu ya imeili, imeili za [meneja] na [rasilimali watu] zinazonihusu kuanzia [mwezi] hadi leo, mazungumzo ya grupu la WhatsApp liitwalo [ ], kumbukumbu za mahudhurio yangu, na laptopu niliyokabidhi tarehe [ ]. Naomba mthibitishe kwa maandishi kwamba akaunti yangu haitafutwa hadi mgogoro utakapoisha."*

Nakala mbili. Moja yao, moja igongwe muhuri wa mapokezi urudi nayo.

Binti wa Kariakoo

Nimetoka huko sasa hivi. Mapokezi wamepokea lakini wamekataa kugonga muhuri. Dada wa pale kasema kaambiwa na meneja.

Kaunta ya Nyuma

Safi, hiyo nayo ni rekodi. Andika nyuma ya nakala yako jina lake, saa, na maneno aliyoyasema. Piga picha barua pamoja na bango la ofisi. Halafu skani, itume kwa imeili ya kampuni na ya meneja leo kabla ya saa kumi na moja, na kesho asubuhi nakala nyingine kwa rejista posta. Stakabadhi ya posta usiitie kwenye pochi, wino wake unafutika. Ipige picha kwanza.